Shilingi 17,100 za Dereva

Hapa Dodoma mtu akifunga duka, akauza gari, akahamia kwa ndugu, tunasema amefilisika. Ni neno jepesi mdomoni, hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani. Mwaka 2018 nililisema juu yangu mwenyewe, nikaamini kwamba likishatoka, kila anayenidai atalisikia na kurudi nyuma. Wauza saruji walilisikia. Benki nao walilisikia, wakaja na dalali. Mtu wa kodi hakulisikia, kwa sababu aliyepaswa kumwambia ni mimi, na mimi nilikuwa nimejificha.

Nilianza na duka dogo la vifaa vya ujenzi pale Majengo. Misumari, rangi, mabomba, saruji mifuko michache. Kodi yake ilikuwa rahisi: mwanzo wa mwaka unakwenda kukadiriwa, unaambiwa kiasi, unalipa kwa awamu nne, mwaka umekwisha. Wala sikuwa na haja ya mhasibu. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na mji ukabadilika mbele ya macho yetu. Viwanja vilipanda bei kila mwezi. Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, kila upande kuna msingi unachimbwa. Mapema 2017 nilikopa milioni 55 benki, rehani ikawa nyumba yetu ya Ilazo, nikafungua eneo la kufyatulia tofali za saruji Nzuguni na kununua lori la mitumba. Nikaajiri watu sita, mmoja wao dereva.

Mwaka ule niliuza kama milioni 92. Sikujua kwamba mauzo hayo yalikuwa yamenihamisha nyumba ya kodi kabisa. Enzi hizo mfanyabiashara mmoja mmoja aliyevuka mauzo ya milioni 20 kwa mwaka alitoka kwenye makadirio ya duka dogo. Alitakiwa kuwa na hesabu zilizoandaliwa na mhasibu mwenye sifa, kukisia kodi yake mwenyewe kabla ya mwisho wa Machi, kulipa awamu nne, na mwaka unaofuata, kabla ya tarehe 30 Juni, kupeleka ritani ya mwisho, yaani maelezo ya mapato na kodi ya mwaka mzima. Mimi niliendelea kufikiri kama mwenye duka la misumari. Nililipa awamu mbili za 150,000 nikaona nimemaliza wajibu.

Halafu ikaja habari ya wakandarasi. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa biashara yangu wanapoumia bila kujua. Mkandarasi anataka tofali leo, pesa atalipa akilipwa yeye. Sawa, ndiyo biashara ya ujenzi. Lakini anataka na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, siku ile ile mzigo unaposhuka, maana asipokuwa nayo yeye naye halipwi. Unatoa risiti. Ile risiti inasema umeuza. Kwenye mfumo wa kodi umeuza. Mfukoni hujapata hata mia. Wakandarasi wawili walifanya hivyo na mimi: mmoja alibaki na milioni 13 zangu, mwingine milioni 6. Wa kwanza alisimamishiwa kazi na mwenye jengo, akatoweka mjini. Wa pili alikuwa anapokea simu mpaka siku alipoacha kupokea.

Saruji ilipokwisha na marejesho ya benki yakafika, nilianza kugusa pesa ambazo hazikuwa zangu. Dereva wangu nilimlipa 400,000 kwa mwezi. Ukiondoa asilimia 10 ya mchango wake wa hifadhi ya jamii inabaki 360,000, na kodi ya mshahara kwa viwango vya wakati ule ilikuwa 17,100. Nilimkata kila mwezi. Kwenye karatasi ya malipo aliiona kabisa: PAYE 17,100. Ilitakiwa ifike TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kwa miezi kumi na moja haikufika. Ilinunua mafuta ya lori, mara nyingine mchanga. Nilijiambia nitarudisha mkandarasi akilipa. Kumi na moja mara 17,100 ni 188,100. Mbele ya milioni 55 za benki, kiasi hicho nilikiona kama makombo.

Kufikia Juni 2018 eneo la Nzuguni lilikuwa kimya. Tarehe 30 ikapita bila ritani. Sikuipeleka kwa sababu moja tu: nilifikiri ritani ni ya mtu mwenye pesa ya kulipa. Hili ndilo kosa langu kubwa, na kila ninapokutana na mfanyabiashara anayeyumba namuuliza kwanza hili kabla ya kumuuliza habari za benki. Ritani ni maelezo. Unasema umepata nini, umetumia nini, umepata hasara gani. Usiposema, wenye mamlaka watasema kwa niaba yako kwa kutumia walichonacho, na walichonacho ni mauzo ya mashine ya EFD. Mashine haijui kama mkandarasi ametoroka. Na kwa kila mwezi wa kuchelewa, adhabu ya mtu binafsi wakati ule ilikuwa si chini ya 75,000, mbali na riba ya kodi yenyewe.

Barua ilifika Septemba. Faida iliyokadiriwa ilikuwa 22,640,000 na kodi yake 5,377,200. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaiweka chini ya godoro. Wiki mbili ikalala pale. Mume wangu alikuwa anajua habari za benki, za kodi hakuzijua.

Aliyenitoa mafichoni ni mzee jirani yetu, mhasibu mstaafu, Mgogo wa Mvumi, mtu ambaye hapiti kwako bila kusimama na kukuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na kungoja uitikie. Alinikuta nafunga madirisha mchana. Nilimwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamletea ile barua. Akaigeuza kutafuta tarehe kabla hata ya kuangalia kiasi.

"Uliipokea lini?"

"Wiki mbili zilizopita, baba."

"Basi una wiki mbili na ushei. Kupinga ni siku 30, zinahesabiwa tangu ulipoipokea. Zikipita, hiyo namba ya mashine inakuwa namba yako."

Nikamwambia mimi nimefilisika, sina cha kulipa, kwa hiyo kupinga kuna faida gani? Akanitazama kwa muda. Akasema kwa sheria sijafilisika, nimeishiwa tu, na akanielekeza kwa binti mmoja wakili mwenye ofisi karibu na Nyerere Square nikaelezwe tofauti.

Yule binti alinieleza bila kuniharakisha, na maelezo yake nimeyarudia kwa watu wengi. Kufilisika kwa sheria kunapitia Mahakama Kuu. Unaomba wewe mwenyewe, au anaomba anayekudai. Mahakama ikikubali, mali zako zinatoka mkononi mwako zinasimamiwa na mpokeaji rasmi, kazi iliyo chini ya RITA, wale wale ambao wengi wetu tunawajua kwa vyeti vya kuzaliwa. Unabaki na nguo, matandiko ya familia na zana ndogo za kazi yako. Wadai wanasimama mstari mmoja badala ya kukuvamia kila mtu na lake.

Nikamuuliza, "Na kodi je? Inafutika?"

"Hapana, mama. Kodi nayo inasimama kwenye mstari, tena mbele. Benki ina rehani, kwa hiyo nyumba inaihudumia benki kwanza. Baada ya hapo kuna madeni ya kutangulia, na kodi ya Serikali imo humo pamoja na mishahara ya wafanyakazi. Wauza saruji wanasubiri nyuma."

Akaendelea kwamba yeyote anayeshika mali za mufilisi anatakiwa na sheria ya usimamizi wa kodi kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA kumjulisha, na Kamishna anamrudishia jibu la kodi inayodaiwa, ili itengwe kabla mali haijagawanywa. Asipotenga, anaweza kubanwa yeye binafsi. Kwa hiyo hakuna njia ya kupitisha mali pembeni ya kodi kwa kujiita mufilisi. Na mapato yatakayopatikana baada ya hapo, hata kama ni ya kuuza maandazi, yana kodi yake mpya na ritani yake mpya.

Nikamtajia zile za dereva, kwa sauti ya chini. Akaacha kuandika.

"Hizo hazipo hata kwenye mstari," akasema. "Mstari ni wa mali zako. Hizo ulimshikia mtu, ni amana. Hata ungekuwa mufilisi kamili, hazihesabiwi kuwa mali yako ya kugawia wadai."

Nilitoka pale nikashuka ngazi nikakaa kwenye benchi pale bustanini mpaka jua likazama. Miezi yote ile nilikuwa nalia kwamba wakandarasi wamekaa na pesa zangu, na mimi nimekaa na za dereva.

Kesi ya kufilisika sikuifungua. Nyumba ilikuwa tayari ya benki, lori nilishaliuza kulipa vibarua, kulikuwa hakuna cha kuweka mikononi mwa msimamizi. Mzee akasema tutaishughulikia kodi yenyewe, uso kwa uso.

Tulikaa mezani kwake siku nne. Jambo la kwanza alilolitafuta ni kama nimewahi kuchagua namna ya kuandika hesabu. Mfanyabiashara binafsi, tofauti na kampuni, anaruhusiwa kuhesabu mapato pale pesa inapoingia mkononi, badala ya pale ankara inapotoka. Kwa kuwa miaka ya nyuma nilikuwa kwenye makadirio ya duka dogo, hii ingekuwa ritani yangu ya kwanza ya hesabu kamili, sikuwa nimejifunga popote. Ningekuwa nimeshachagua njia ya ankara, ningehitaji kibali cha maandishi kubadili, na deni lililokufa ningelipunguza tu mwaka ule linapothibitika kufa, tena baada ya kuonyesha hatua nilizochukua kulidai. Hasara ingesogea mbele kwenye miaka ijayo, ambayo sikuwa nayo, wakati kodi ya 2017 ikibaki pale pale. Tofauti ya njia hizi mbili kwa mtu anayeanguka ni kubwa mno, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia hata siku moja.

Tuliandaa ritani iliyochelewa, mhasibu mwenye sifa akaipitia na kuisaini, tukaandika na pingamizi. Kupinga kunataka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi au kile usichokipinga, kilicho kikubwa zaidi ndicho kinacholipwa, lakini sheria inamruhusu Kamishna kukuondolea malipo hayo ya kwanza ukiwa na sababu ya kweli na ukaomba kwa maandishi. Tuliomba, tukaambatanisha barua ya benki ya kutangaza mnada.

Ofisini niliulizwa kwa upole na kwa undani. Kwa milioni 13 za mkandarasi wa kwanza nilikuwa na hati za kupokea mzigo zenye saini ya msimamizi wake wa saiti, taarifa ya benki isiyo na malipo, na barua mbili za madai zilizopokelewa kwa muhuri. Zikakubaliwa. Kwa milioni 6 za yule wa pili nilikuwa na kumbukumbu za simu na maneno yangu. Hazikukubaliwa, na nikiwa mkweli, ningekuwa afisa nisingezikubali. Faida ikashuka hadi 9,640,000, kodi ikawa 1,477,200. Ukitoa zile awamu mbili nilizolipa, ilibaki 1,177,200. Karatasi chache zenye saini ya mtu wa saiti ziliokoa 3,900,000. Nilikuwa nazitunza kwenye mfuko wa saruji nyuma ya mlango, na mara mbili nilikaribia kuwashia moto.

Riba na adhabu vilikuwa bado vinaning'inia juu. Bahati ile Serikali ilikuwa imefungua dirisha la msamaha wa riba na adhabu kwa asilimia 100 kwa malimbikizo ya nyuma, maombi yakipokelewa kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba 2018, kodi ya msingi ilipwe hata kwa awamu kabla ya Juni 2019 kwisha. Nilikuwa nimelisikia tangazo hilo redioni mara nyingi, nikadhani ni la makampuni makubwa ya Dar es Salaam. Mzee alinishika mkono kabisa, siku zikiwa zimebaki mbili Novemba iishe, tukapeleka maombi. Tuliunganisha na zile za dereva. Kama ningebaki chini ya godoro na barua yangu, dirisha lile lingejifunga.

Madirisha ya namna hiyo hayafunguki kila mwaka, na sitamshauri mtu ayasubiri. Lakini hata siku za kawaida sheria inaruhusu kuomba kulipa kwa awamu, na kuomba riba na adhabu zipunguzwe kwa sababu za msingi. Yote yanaanza kwa barua kutoka kwako.

Desemba nilifanya lingine ambalo watu huliacha: niliandika barua ya kufunga biashara, nikaambatanisha nakala ya leseni niliyoirudisha Jiji, na mashine ya EFD nikaipeleka. Nina ndugu yangu Mpwapwa aliyefunga mashine ya kusaga bila kuandika kwa mtu. Miaka mitatu baadaye alikuta ana deni la kodi la mashine iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu.

Nyumba ya Ilazo iliuzwa kwa mnada Aprili 2019, milioni 58. Deni la benki na gharama lilikuwa limefika 61. Siku ile sitaielezea. Ninachotaka kusema ni kwamba hata mnada una kodi yake. Nyumba ikiuzwa kwa nguvu, kwa sheria ni wewe umeuza, na mkazi akipata faida kwenye kuuza jengo hulipa asilimia 10 ya faida hiyo kabla hati haijahamishwa. Kilichonisaidia ni nafuu ya makazi: nyumba uliyoimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, ukaishi humo jumla ya miaka mitatu, faida isipozidi milioni 15, haitozwi. Daftari langu la ujenzi, lenye risiti za nondo na mabati tangu msingi, lilionyesha tulitumia milioni 46. Faida milioni 12. Bila lile daftari ningebishana kwa maneno, na nilishajua maneno yana uzito gani. Mzee akanikumbusha pia niulize kwa maandishi kuhusu zile milioni 3 zilizobaki benki, kama zinadaiwa au zimesamehewa, maana deni la biashara likisamehewa nalo linaweza kuhesabika kama pato. Mimi nilidhani kusamehewa ni kusamehewa.

Sasa nauza nafaka kidogo na karanga Majengo, nimerudi kwenye makadirio. Mwaka 2020 mauzo yalikuwa milioni 6.2. Bila kumbukumbu ningelipa 100,000. Kwa kumbukumbu ilikuwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 66,000. Naandika kila jioni kabla ya kupika.

Awamu ya mwisho nililipa Juni 2019, siku tano kabla ya mwezi kwisha. Nilipopata stakabadhi ya zile 188,100 sikwenda nyumbani. Nilipanda daladala hadi Veyula, anakoishi yule dereva. Nilimkuta chini ya mbuyu anafunga tairi la bodaboda ya kijana wake. Mkewe akaniletea kigoda na maji. Nikamweleza yote: kwamba nilimkata miezi kumi na moja, kwamba haikufika, kwamba sasa imefika, nikamwonyesha karatasi.

Aliishika muda mrefu, akaipangusa vumbi la vidole vyake pembeni, akanirudishia.

"Mama," akasema, "mimi nilijua ulishalipa. Si ilikuwa imeandikwa pale kwenye mshahara wangu?"